Msimvishe Kinjikitile Joho

Ukurasa wa kumi na moja una watu wawili wanaong'oa pamba. Mmoja ameandikwa Mwanakijiji wa Kwanza, mwenzake Mwanakijiji wa Pili. Wanang'oa, wanatazamana, na kwenye picha inayofuata wamelala chini katika damu. Picha ya tatu imechukua ukurasa mzima: Kinjikitile Ngwale juu ya mwamba, macho yanawaka, joho la buluu linapepea nyuma yake, amekunja ngumi. Wale wawili wamekufa ili yeye apate hasira.

Mswada huo nililetewa mwaka jana na vijana watatu wa Dar es Salaam. Ni vijana wa heshima, shikamoo walinipa hata kwenye ujumbe wa simu, na yule anayechora ana mkono kwelikweli. Walitaka niwasahihishie maneno ya Kimatumbi kwa kuwa waliambiwa mimi ni mtu wa Kipatimu. Hiki kingekuwa kitabu cha kwanza. Cha pili Mkwawa, cha tatu Mirambo, cha nne Mangi Meli wa Moshi, halafu katika kitabu cha tano wote wanne wapite kwenye mlango wa wakati, wakutane, wapigane upande mmoja. Ndivyo wanavyofanya wale wa Marekani: kila shujaa anaanza na kitabu chake, baadaye tunaambiwa wote ni majirani wa ulimwengu mmoja. "Tunajenga Marvel yetu, mzee wangu," mmoja aliniambia, na sauti yake ilikuwa na furaha kiasi kwamba niliona vibaya kumkatisha.

Kimatumbi nilikisahihisha. Jina langu kwenye ukurasa wa shukrani nililikataa, na tangu hapo naulizwa nina kinyongo gani na vijana. Sina. Ugomvi wangu ni na ukurasa wa kumi na moja.

Kwa sababu wale wawili wana majina. Ni Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Ndio walioanza kung'oa miche ya pamba pale Nandete, Julai 1905, na kwa watu wa milima hii kung'oa kule ndiko kulikokuwa kutangaza vita. Majina haya hayakufichwa sandukuni kwa mtu. Yamo katika kumbukumbu za wazee ambazo Gwassa na Iliffe walizichapisha mwaka 1968, wakati wazee waliokuwapo bado walikuwa na pumzi ya kusimulia. Nandete ni jirani zetu. Watu wanatoka huko kuja hospitali ya misheni Kipatimu, wanakuja mnadani, tunaoa kwao. Kumwita mtu wa Nandete Mwanakijiji wa Pili ni kama kwenda kwenye msiba ukauliza, "Maiti namba ngapi?"

Tulipokuwa watoto tukicheza sinema chini ya michungwa, kila mmoja alitaka kuwa steringi. Steringi hafi, sheria hiyo hatukufundishwa na mwalimu yeyote, ilikuja na mikanda ya video. Waliobaki walikuwa adui, na kazi ya adui ni kuanguka. Mimi nilikuwa mdogo wa umbo kwa hiyo nilianguka sana. Mpaka leo najua mitindo sita ya kuanguka, pamoja na ule wa kushika tumbo na kuzunguka mara mbili kabla ya kugusa ardhi. Nasema haya ili msidhani nazidharau hadithi za aina hii. Nimezicheza kutoka chini, na ukizitazama kutoka chini unaona kitu ambacho steringi hakioni.

Sasa nisimulie habari za shujaa mmoja aliyepata nguvu zake hapa hapa Tanzania. Kampuni ya DC ya Marekani, yenye Superman na Batman, ilimtoa katika toleo la 66 la jarida lake la Showcase, lenye tarehe ya Januari na Februari 1967 kwenye jalada. Mwandishi alikuwa Bob Haney, mchoraji Mike Sekowsky. Shujaa anaitwa B'wana Beast. Hiyo apostrofi sijui iliitwa kufanya kazi gani; labda waliona neno letu, lilivyo, halijawa la Kiafrika vya kutosha. Ni Mzungu, Mike Maxwell. Anaangukia Mlima Kilimanjaro na ndege, anajikuta pangoni, anakunywa maji ya mvua yaliyochujwa na madini ya pango lile, anakuwa na nguvu za ajabu. Gorila anampa kofia ya kale, na akiivaa wanyama wote wanamtii, hata anaweza kuwaunganisha wanyama wawili wakawa mmoja. Gorila, Kilimanjaro! Wachaga wameishi kwenye mlima ule tangu enzi na enzi bila kukutana naye, na Maxwell alimpata siku ya kwanza. Ana na rafiki Mwafrika, Rupert Kenboya, jina lisilo la kabila lolote ninalolijua. Kazi ya Kenboya ni kuwapo.

Mwezi huohuo wa Februari 1967 nchi ilikuwa inatangaza ujamaa na kujitegemea, kwa azimio lililopitishwa Arusha, ambako siku ya anga safi mlima huo unaonekana.

B'wana Beast alitoka matoleo mawili akapotea. Ni mhusika mdogo kabisa, wa wale ambao mashabiki huwataja ili wacheke. Lakini katika ulimwengu wa aina ile mdogo hatupwi, anawekwa stoo. Miaka ya mwisho ya 1980 mwandishi Grant Morrison alimtoa stoo ndani ya kitabu cha Animal Man, na mwaka 1989 akamfanyia jambo la maana: Maxwell anaamua nguvu zile si zake, anamkabidhi Dominic Mndawe, kijana wa Afrika Kusini anayepigana na ubaguzi wa rangi. Mndawe anachukua kofia, anaitwa Freedom Beast. Nilipofika hapo, nikisoma kwenye simu ya mtoto wa dada yangu, nilikaa vizuri. Nikasema sawa, maji yamerudi kwa wenyewe.

Mwaka 2009 walimuua. Kitabu kinaitwa Justice League: Cry for Justice. Mndawe anauawa pamoja na kundi la gorila ili Congorilla apate sababu ya kuingia katika hadithi na kulipiza kisasi. Na Congorilla ni nani? Ni Congo Bill, mwindaji Mzungu ambaye kampuni hiyo ilimtoa mwaka 1940, baadaye akili yake ikahamia kwenye mwili wa gorila wa dhahabu. Fuateni safari ya maji yale. Yalitoka Kilimanjaro, yakampa nguvu Mzungu mmoja, yakamfikia Mwafrika mmoja baada ya miaka ishirini na miwili, na Mwafrika huyo akatolewa uhai ili Mzungu mwingine, aliyevaa ngozi ya gorila, aweze kukunja ngumi.

Sasa rudini ukurasa wa kumi na moja.

Vijana wangu waliniambia tatizo la katuni za Marekani ni kwamba si zetu, kwa hiyo dawa ni kutengeneza zetu. Sikubali. Tatizo ni hesabu iliyomo ndani: mkubwa ni chungu, wadogo ni kuni. Hesabu hiyo haina rangi. Ukiiazima nzima nzima ukamweka Kinjikitile mahali pa Congorilla, umebadilisha jalada tu. Mandai na Machela wamekufa kifo kilekile cha Mndawe, kwa sababu ileile. Tena Mndawe aliuawa na watu wa mbali wasiomjua. Sisi tunawaua wajomba zetu.

Kwa nini basi Kinjikitile anawavutia? Nakiri kwamba mwanzo wa habari yake ni mwanzo wa katuni uliotengenezwa tayari. Mwaka 1904, pale Ngarambe, anatambaa kwa tumbo mpaka kwenye kidimbwi cha mto, anazama, ndugu wanamtafuta, na kesho yake anatoka nguo zake zikiwa kavu. Hongo, mzimu wa majini, amemwingia. Anatoa maji yatakayofanya risasi za Wajerumani ziwe maji. Hata Bob Haney angeona wivu. Ila jamani, someni mbele kidogo. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Pamba ya Nandete ilikuwa imeng'olewa majuzi tu. Huyo ndiye steringi wenu, amekufa dakika ya kumi ya filamu.

Na aliponyongwa, vita ndiyo kwanza vilikuwa vinapasha moto. Boma la Liwale liliteketezwa mwezi huohuo. Tarehe 30 Agosti watu kwa maelfu walikwenda kifua wazi kwenye boma la Mahenge, wakakatwa na bunduki za rasharasha. Moto ulifika Ungoni, ukaendelea kuwaka mifukoni mifukoni hadi 1907. Ni nani aliyeupeleka? Waliitwa mahongo, watu wa kubeba maji na maneno, kijiji hadi kijiji. Na kabla yao kulikuwa na njwiywila, mnong'ono: mtu anamwambia mtu mmoja anayemwamini, naye anamtafuta wake mmoja, mpaka milima yote inajua na akida bado analala usingizi mzuri. Ukitaka kuchora njwiywila unahitaji midomo na masikio mengi, na hakuna hata mmoja wa kumpa ukurasa mzima. Wamatumbi hawakuwa na mfalme. Kila ukoo na wazee wake. Wajerumani walitafuta kichwa cha kukata, wakakikata mapema, na mwili ukaendelea kutembea kwa sababu haukuwa unategemea kichwa kile.

Pale Mohoro Kinjikitile hakunyongwa peke yake. Alinyongwa pamoja na msaidizi wake. Kitabu nilichosomea historia shuleni kiliandika hivyohivyo, "na msaidizi wake", nukta. Nilikuwa darasa la sita, niliinua mkono nikauliza anaitwa nani, mwalimu akasema hilo haliji kwenye mtihani. Katika mswada wa vijana hata huyo msaidizi hayumo. Kamba ni moja.

Najua nitaambiwa sanaa si historia. Haya, tuzungumze sanaa. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjeketile. Alikuwa na nafasi yote ya kumvisha joho; nchi changa, yenye hamu ya mashujaa, ingempigia makofi. Badala yake alimpa shaka. Mtu wake anasimama mbele ya watu wanaoyaamini maji kuliko anavyoyaamini yeye mwenyewe, na neno alilolitoa limeshakuwa kubwa kumshinda. Hiyo ni miaka zaidi ya hamsini iliyopita. Tumeshavuka mto huu, na sasa tunataka kurudi ng'ambo kufuata kofia.

Halafu hili la "Marvel yetu", kana kwamba hatukuwahi kuwa na ulimwengu wa katuni unaokaliwa na watu wengi. Sisi tuliokua na jarida la Sani tutabishana nanyi mpaka asubuhi. Said Bawji na Nicco ye Mbajo waliunganisha vipande vya majina yao wakapata jina la jarida. Marehemu Philip Ndunguru akachora watu ambao mpaka leo ukitaja jina lao kwenye kijiwe, wazee wanacheka kabla hujamaliza: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge mtoto mtundu, Kipepe. Ndunguru alifariki kijana, wahusika wakaendelea katika mikono ya wengine. Hapa Kipatimu Sani ilikuja na basi, ikivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, ikipanda kutoka Tingi kwa barabara ambayo masika huigeuza sabuni. Ilifika imeshasomwa na abiria wote, jalada halipo. Tuliisoma hivyohivyo. Hakuna aliyeruka angani mle ndani. Nani alikuwa mkubwa, nani mdogo? Ilitegemea ukurasa uliobaki. Kama jarida lilichanika pale pa Madenge, wiki ile Madenge ndiye aliyekuwa ulimwengu.

Kwa hiyo niliposema wapeni Mandai na Machela majina yao, nikajibiwa kwamba wahusika wengi watamchanganya msomaji, nilishangaa. Msomaji gani? Mtoto wa Kipatimu anakutajia kikosi cha Simba na cha Yanga pamoja na wa akiba, na nani ana kadi ya njano. Msomaji hachanganyikiwi na majina. Anachoka na majina yasiyo na kazi.

Wengine walinitajia filamu ya Black Panther ya mwaka 2018. Niliipenda, sioni aibu. Na kuna mhusika mmoja mle anayenisaidia mimi kuliko wao: M'Baku. Katika katuni ya 1969 alikuwa adui aliyevaa ngozi ya sokwe, akiitwa Man-Ape, jina ambalo halihitaji tafsiri ili litukane. Walipotengeneza filamu waliliacha jina lile, wakampa watu wake, mlima wake, mzaha wake na haki ya kukataa. Watu walitoka ukumbini wanamkumbuka yeye. Hayo ndiyo mafanikio ya kuigwa kutoka kule, kumchukua adui mdogo na kumpa kwao. Kiti cha enzi waachieni Wakanda, sisi hatukuwa nacho.

Nimefika kwenye adui wadogo, na hapa sina budi kusema ukweli wa kwa nini niliinuka kitini.

Ukurasa wa tisa una mnyapara. Tumbo kubwa, meno yamechongoka, kiboko mkononi. Jina lake ni Mnyapara. Anaonekana mara nne kitabuni, na mara zote nne anapigwa. Mara ya mwisho anatumbukia mtoni na maji yanaruka, na najua watoto watacheka kwa sababu hata mimi, nilipoigeuza karatasi, nilicheka.

Baba yake bibi yangu mzaa mama alikuwa mnyapara katika shamba la pamba. Bibi hakulificha jambo hilo na hakulisema hovyo. Alilisema tukiwa wawili, anamenya mihogo, bila kuniangalia. Alichaguliwa na jumbe, na aliyekataa kuchaguliwa alichapwa yeye kwanza. Kwa hiyo mchana alishika fimbo. Hakuishika kwa mzaha, bibi alisema, watu walivuja damu. Halafu ikaja njwiywila, na usiku mmoja akaenda mahali maji yalipokuwa yanagawiwa, akajipanga nyuma ya watu aliowachapa juzi. Wakageuka wakamwona. Yule aliyekuwa anagawa alimtazama muda mrefu, kisha akampa. Akanywa. Alikwenda vitani, akarudi na mguu mbovu, akazika wawili katika njaa iliyofuata. Wajerumani walihesabu 75,000 waliokufa katika vita vile na njaa yake. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wawili katika hao ni watoto wake. Alipokuwa mzee kabisa, kwenye misiba kulikuwa na mzee mwenzake mmoja ambaye hakukaa naye mkeka mmoja hata siku moja, na hapana mtu aliyemlaumu mzee yule.

Simtetei. Migongo ile ilikuwa ya watu. Nasema tu kwamba mnyapara wa ukurasa wa tisa hawezi kamwe kujipanga kwenye ule mstari, kwa sababu adui wa katuni hana usiku. Amepewa mchana peke yake, apigwe, tucheke, twende mbele. Na bila usiku ule hamtaelewa maji yalikuwa nini. Mmeyachora kama silaha ya Kinjikitile. Kwa bibi yangu yalikuwa siku ambayo mchapwaji alimpa mchapaji kata, akasubiri amalize kunywa.

Mtaniuliza jina lake, mimi ninayepiga kelele za majina. Ana wajukuu na vitukuu kuanzia huku mpaka Kilwa Kivinje, na wapo wasiotaka. Ruhusa si yangu peke yangu. Tumeanza kuulizana. Binamu mmoja amesema tutaje. Mwingine amenikatia simu.

Vijana wa Dar es Salaam walinijibu kwa adabu ileile. Majina ya Mandai na Machela watayaweka mwisho wa kitabu, kwenye ukurasa wa shukrani, kwa herufi ndogo. Nafikiri ni ule ukurasa nilioukataa mimi. Mnyapara atabaki kama alivyo kwa kuwa mchoraji ameshamaliza.

Yule mtoto wa dada yangu, mwenye simu, yuko kidato cha pili na anachora kwenye kaunta buku lake nyuma ya somo la jiografia. Nilimsimulia habari ya bibi bila kutarajia kitu. Wiki iliyopita alinionyesha: watu wamejipanga usiku, kama kumi na wawili, kila mmoja na sura yake, mmoja anakohoa, mmoja amebeba mtoto. Wa mwisho kwenye mstari amechorwa kwa mgongo.

"Mbona huyu umemgeuza?"

"Sijui sura yake, mjomba. Alikuwa na ndevu?"

Nikampigia mama mkubwa, ambaye alikuwa mtoto mdogo mzee yule akiwa hai. Alinyamaza hata nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema ndevu hakuwa nazo, lakini sikio lake moja, la kushoto, lilikuwa limechanika, na usiku alilala kichwa kikiwa upande wa mlango.